Hatua Elfu Arobaini

Zohaib, simama kwa heshima! Mimi ndiye bingwa wa mazoezi wa chuo kizima, hatua elfu arobaini kwa siku.

Hatua ni za punda wa dobi. Ile saa ya kuhesabu hatua ambayo ofisi ya ushauri ilitugawia ili tusizame kwenye mawazo, nilimfunga punda mguuni.

Sasa sikia. Daktari Farkhanda wa ushauri kaniita. "Mwanangu, anayetembea hivi anakimbia kitu. Kitu gani?" Nikacheka. Akampigia simu mama yangu, Ammi!

Ammi kapanda basi kutoka Multan. Kapanda basi, Zohaib! Mbuzi mweusi wa sadaka ya kuniondolea balaa kashanunuliwa. Analia pale ofisini: "Ni mitihani? Ni msichana? Sema, ini langu."

Mara dobi huyo mlangoni na ile saa mkononi. "Imeandikwa jina la ofisi hii. Nani kamvisha punda wangu?"

Nikakiri. Hakuna aliyecheka. Ammi akafuta machozi, akauliza, "Na wewe mwenyewe umetembea hatua ngapi?"

Nilitafuta mzaha, Zohaib, nikaukosa. Nikamwambia kweli: tangu Jumatatu sijatoka kitandani ila kwenda chooni, na sijui kwa nini.