Ng'ombe Asiye na Nundu

Kabula mjukuu wangu,

Jumamosi nilipoteza kibao nilichoichorea bucha ya hapa Runzewe, kilichodumu miaka kumi na saba. Wenye bucha wamekishusha, wakatundika bango ulilotengeneza kwa kompyuta. Bibi yako hajambo, anakusalimu.

Unauliza nilianzaje kazi ya kuchora. Kwenye kibao changu cha kwanza, kule Kishapu, nilichora ng'ombe bila nundu. Wafugaji wakacheka: "Fundi, huyu si punda mwenye pembe?" Nikashinda mnadani nikitazama ng'ombe, kisha nikachora upya.

Ng'ombe wako naye hana nundu, lakini hapa hacheki mtu. Wananunua nyama tu. Sielewi: hawaangalii, au mimi ndiye nimepitwa?

Mwenye bucha wa Didia ananiuliza kama kazi yake nikupe wewe. Nijibu kabla ya Ijumaa mchana, bila kuzunguka: huyo ng'ombe ulimchora mwenyewe, au ulimwokota mtandaoni?

Babu yako