Gadi wa Saa Sita Mchana

Baba yangu uliye ng'ambo ya mpaka,

Posta hawapokei tena barua za kwenda Moshi, kwa hivyo hii naiandika wazi, ipite mkono kwa mkono. Labda atakayeisoma anakujua.

Jumuiya ya nchi tatu ilikuwa inavunjika, na wafanyakazi wenzako wa reli walikuchagua wewe, gadi wa treni za mizigo, ukawasemee kwenye mazungumzo huko Moshi. Nilikuuliza kama mtagawana mabehewa. Ukasema, "Hayo hata mtoto anaweza kuyagawa. Kazi ni kukubaliana tutatembeleana vipi baadaye."

Siku ya safari, Susu, mama yako, alikutemea mate kiganjani akubariki. Wewe ulikuwa umeokoka, ukapangusa mkono kwenye suruali. Akakuona.

"Umejiondokea tu," akasema. "Mimi sijakuachilia. Asiyeachiliwa hafiki wala harudi."

"Mama, mate yako hayana paspoti."

Nilicheka nikiziba mdomo. Susu hakucheka.

Kisha mpaka ukafungwa. Redio ilisema mazungumzo yanaendelea, halafu ikaacha hata kuyataja. Wazee wa ukoo wamekuja mara mbili kuuliza shamba lako litalimwa na nani. Mama anawajibu, "Mwenyewe yuko mkutanoni." Wanatazamana, wanamaliza chai.

Baba, wiki jana nilikuwa nachunga mbuzi kando ya reli, hapa Emali, jua likiwa utosini. Mbuzi wote waliacha kula. Treni ya mizigo ikapita na sikusikia magurudumu yake. Kwenye behewa la mwisho alisimama gadi mwenye kofia ya Jumuiya, ile ambayo wenzako walishairudisha. Alinipungia mkono wa kushoto, kama wewe. Uso sikuuona.

Nilikimbia mpaka stesheni kuuliza. Stesheni masta akaniangalia sana. "Treni gani, msichana? Njia imefungwa tangu asubuhi, wanabadilisha reli huko mbele."

Mama sijamwambia. Angeamini umerudi, ateke maji yako ya kuoga.

Tangu hapo imepita tena na tena, saa ileile ya mchana, kila mara polepole zaidi. Jana ilikaribia kusimama, na ule mkono haukuwa unanipungia tena. Ulikuwa unaniita.

Sikwenda. Kama ni wewe, nisamehe, na utume neno kupitia mtu aliye hai. Kama si wewe, nakuomba Baba, usimwonyeshe nyumba yetu ni ipi.

Mungu akulinde huko uliko,
Binti yako wa kwanza