Nguo Isiyogusa Mshono

Jumatatu, 3 Juni 2024

Mtoto bado amekaa vibaya. Matako chini, kichwa juu. Daktari amesema hageuki tena huyu, nafasi imeisha. Alhamisi nitapasuliwa. Nesi Salvina alilisema neno hilo huku akiandika kadi yangu, wala hakuinua macho. Mimi nikaitikia tu, kana kwamba nimeambiwa nikanywe chai.

Kisha akanitajia vya kubeba. Gauni pana la vifungo mbele. Kanga. Pedi kubwa. Na chupi za pamba, kubwa, zinazopanda mpaka juu ya kitovu. Hizo ndogo niache nyumbani — mpira wake unakuja kukaa juu ya mshono kabisa.

Nilicheka mbele yake. Njiani nikalia.

Zangu zote ni ndogo. Nilizinunua nilipoolewa.

Jumanne, 4 Juni

Tumbo hili haliwezi kupanda pikipiki, kwa hiyo mume wangu Dastan ndiye aliyekwenda sokoni Kayanga. Nilimwambia mara mbili: kubwa! Za pamba! Amerudi na kitu kimekunjwa kwenye gazeti. Nimefungua — nyekundu. Za lesi. Hata paja moja haziwezi.

Eti muuzaji alikuwa binti, akamuuliza kwa sauti ni za nani na saizi gani, watu wakageuka. Akaokota za juu juu, akalipa, akakimbia.

Nikamgombeza. Ndipo nikamwona analikunja lile gazeti, analikunjua, analikunja tena. Mume wangu anaogopa kuliko mimi, na hana wa kumwambia.

Mama mkwe alisikia ugomvi akaja mlangoni. Chupi kubwa za nini? Mzazi anafungwa tumbo kwa kanga, anakazwa, anakandwa maji ya moto, basi. Yeye watoto wake wote aliwazaa hapa hapa na hakuvaa mavazi ya hospitali.

Nani anamjibu Mama Kokwijuka?

Jumatano, 5 Juni

Leo amekuja Niyonsaba. Tunachuma naye kahawa kila msimu, yeye na mumewe walitoka Burundi wakapata kibanda upande wa chini wa shamba. Dastan alimweleza mumewe habari za lesi, naona wamecheka wote wawili huko.

Ameniletea chupi zake mbili. Nyeupe, zimepauka, mpira umelegea vizuri. Akasema nisione aibu, amezichemsha na kuzianika juani. Yeye alijifungua kwa kisu mara moja. Sikujua! Miaka yote hii tunainama pamoja kwenye mibuni.

Nikamwomba anionyeshe. Heri nisingeomba.

Upande mmoja ni mstari mwembamba tu. Upande wa pili umekunjamana, unang'aa, kama ngozi iliyoungua. Palifunguka hapo. Alirudi kulima mapema, amevaa sketi ya mpira iliyombana. Jasho, joto, nguo ikawa inasugua. Akasikia maumivu, akanyamaza. Alipolazwa tena alikuwa hajitambui.

"Wewe usinyamaze," akaniambia. Akasema tena alipofika nje.

Kesho gari linakuja alfajiri. Begi nimelipanga upya. Vitu vya mtoto nimeviweka juu kabisa, ili kama mimi sitaamka, Dastan asihangaike kutafuta.

Jumapili, 9 Juni

Niko hai!

Binti. Renatha. Ana nywele nyingi na anafoka kama bibi yake.

Walinichoma sindano ya ganzi mgongoni. Nilisikia kila kitu ila maumivu — wanavuta, wanasukuma, wanaongea habari za mpira wa miguu. Nilikuwa nasali nikichanganya maneno. Mpaka akalia.

Ila kusimama mara ya kwanza! Nilidhani utumbo unaanguka. Nimetembea nimeinama mpaka chooni, nimeshika ukuta. Nikikohoa nabana mto tumboni. Nikicheka, ole wangu.

Chupi za Niyonsaba, Mungu ambariki. Mpira unapita juu kabisa, mshono haujui kama nimevaa kitu. Mwenzangu wa kitanda cha pili alikuja na za kubana na skintaiti. Asubuhi alilia zilipomgusa. Sasa amejifunga kanga tu, pedi inamponyoka kila akisimama. Nimempa moja.

Nesi Salvina amepita kuaga, zamu yake imeisha, akanipa masharti ya nyumbani. Nguo pana. Hewa ipite. Pawe pakavu. Hakuna kukaza tumbo, hakuna maji ya moto. Nikamwomba amwambie na Dastan. Lakini Dastan alikuwa ametoka kutafuta uji, hakusikia.

Jumatano, 12 Juni

Nyumbani. Kahawa imeanikwa uani kote, nimepita pembeni kama mgeni.

Mama mkwe alikuwa tayari. Ndoo inafuka moshi, kanga imekunjwa kwa urefu. Nilimwamkia, akaitikia, akanivua gauni kabla sijakaa.

Maji nilikataa. Nikasema nesi amekataza. Akauliza huyo nesi amezaa wangapi. Akasema wanawake wa siku hizi wanaacha tumbo linaning'inia halafu mume akitazama pembeni wanalaumu wachawi. Ndoo akaimwaga kwenye migomba, kwa kishindo.

Dastan akaninong'oneza: "Mkubalie kanga basi. Kidogo tu. Amekasirika."

Nikakubali. Hakufunga kidogo. Aliweka goti kitandani akavuta. Nikauma meno. Hakufanya kwa ubaya, najua, alikuwa anaimba wimbo wa kanisani, anamwimbia mtoto.

Ijumaa, 14 Juni

Joto sana. Pale chini penye mshono panawasha, kisha panachoma. Kanga imelowa jasho tangu asubuhi.

Mama alipotoka kugeuza kahawa nikaifungua. Mawee, mama yangu! Raha ya hewa! Nilikaa hivyo kidogo, macho mlangoni. Nikasikia ndala zake, nikajifunga upesi, vibaya, nikabana mshono mwenyewe.

Najificha kama mwizi, na tumbo ni langu.

Nilimwambia Dastan. Akasema ataongea naye. Bado hajaongea.

Jumamosi, 15 Juni

Chupi ina doa. Si damu.

Njano. Na ina harufu.

Nimejiambia ni maziwa yamedondoka. Maziwa hayanuki hivi.

Nimeifua mwenyewe kabla mtu hajaona. Nimenyamaza. Nasikia sauti ya Niyonsaba na bado nimenyamaza.

Jumapili, 16 Juni

Naandika hospitali, kitanda cha pembeni ya mlango. Mistari inapanda na kushuka, sijui kama nitaweza kuisoma baadaye.

Asubuhi Dastan alikwenda kanisani kwenye kipaimara cha ndugu yake. Tukabaki mimi, Mama na mtoto. Nilikuwa natetemeka ndani ya blanketi na jua lilikuwa kali. Mtoto alilia nikashindwa kumwinua. Basi nikaita.

"Mama! Niangalie hapa. Nakufa."

Alikuja na unga mikononi. Akafungua kanga. Ilikuwa imegandia kwenye mshono, ikabidi ailoweshe ndipo itoke. Akatazama. Nilimsubiri agombe.

"Waitu," akasema polepole, neno la kumwita mtu wa kwako. Basi.

Kisha akatoka mbio. Sijawahi kumwona akikimbia. Nikamsikia anapiga kelele barabarani mpaka Anastazi, yule anayebeba ndizi kwa pikapu, akageuza gari. Nilitaka kuvaa sketi ya heshima. Mama akaninyang'anya. Akanivisha gauni lake mwenyewe la kulalia, pana, juu yake kitenge begani, ndani hakuna chochote. "Nani anakutazama leo?" Kila shimo la barabara alinishika nyonga kwa mikono miwili. Mtoto alikuwa amemfunga mgongoni.

Hapa nesi amepima homa, hakuniambia ngapi. Amefunua. Ameita mwenzake naye akatazama. Pamefunguka upande mmoja. Wanasema daktari ndiye ataamua kama nitarudishwa ndani kupasuliwa tena, au wasafishe tu wakiacha wazi. Kurudishwa ndani! Namfikiria Niyonsaba wakati ule hajitambui.

Kisha nesi akauliza: nani alikufunga hivi, alama hizi za nini?

Nilifungua mdomo niseme ni mimi mwenyewe. Nilishaliandaa jibu tangu kwenye gari.

"Ni mimi," akasema Mama. Kwa sauti, amesimama. Wodi nzima ilisikia. "Nilimkaza mimi. Yeye alikataa."

Mama akaketi ukingoni mwa kitanda, akaniuliza mimi, si nesi: tukirudi, anivishe nini? Nimwonyeshe mpira uanzie wapi. Nikamshika mkono nikaupeleka juu ya kitovu. Hapa, Mama. Chini ya hapa kusiguse kitu. Akauacha mkono wake hapo, haukandamizi.

Dastan simu imezimwa, bado wako ibadani.

Wameleta machela ya kunipeleka ndani, daktari ataamua huko huko. Nesi anavaa glavu, amesema niweke kalamu chini. Mama anauliza kama anaweza kuingia nami, wanamwambia hapana, naye hatoki mlangoni —