Alama ya Chaki

Lubumbashi, Bel-Air

Dada Alima,

Nawasalimu wote hapo Kasongo. Mimi ni mzima, isipokuwa macho.

Unakumbuka cherehani ya baba? Kabla ya kubadili urefu wa mshono alipiga alama ya chaki penye kirekebishi chake, ili mama akirudi aukute mshono wake palepale. Nami hapa kwenye mzani wa malori nilifanya hivyo. Kompyuta yetu ni ya zamani, kioo cheusi na maandishi tu. Kila asubuhi niliiuliza herufi zake zina ukubwa gani, nikahifadhi jibu, ndipo nikazikuza nione namba. Jioni niliiamuru irudishe nilichohifadhi, na msimamizi hakujua.

Juzi, kwa uchovu, nilizikuza kabla ya kuhifadhi. Jioni sikuwa na cha kurudisha. Papa Ntumba, msimamizi, akaangalia kioo akacheka.

“Abibu, hii maandishi ni ya kipofu! Nani iko nasoma hivi?”

“Ni miye, shefu.”

Hakucheka tena. Mwisho wa mwezi naacha kazi.

Uliniandikia kwamba alama ya mwisho ya baba ingalipo kwenye cherehani. Usiifute, dada. Nataka kuiona ningali naona.

Ndugu yako,
Abibu