Utando Uliosikia Moyo Wangu

Mdogo wangu Mbishi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi yangu, na huyo mwanao anayefanana nami kwa kelele. Mnaendeleaje? Kile kizunguzungu ulichosema ni cha njaa kimekwisha? Mimi sijui niseme ni mzima au mgonjwa, ndiyo maana nimeshika kalamu. Kwenye simu huwa huniachi nimalize hata sentensi.

Ulinicheka kwamba nimesoma miaka yote hiyo ili nipake vioo rangi. Kazi ni ile ile. Tunapaka kioo metali ya sumaku, utando mwembamba kiasi kwamba masizi ya sufuria ni blanketi mbele yake. Sumaku yake ikilala upande huu ni ndiyo, ikigeuka ni hapana, na kwa ndiyo na hapana hizo kompyuta hufanya hesabu zake. Sasa tunaufundisha kazi nyingine, kusikia moyo. Moyo ukipiga hutoa usumaku kidogo mno, na utando huunasa bila kugusa ngozi. Desturi yetu maabarani ni kwamba aliyepika ndiye anayeonja: utando ukitoka kwenye mashine, unaujaribu kwanza kifuani mwako.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Kwenye skrini mstari ulipiga, ukapiga, ukaruka, kisha ukakimbia kama mtu aliyechelewa kazini. Nikasema utando ni mbovu, nikautupa kwenye sanduku la vilivyoharibika. Nikapika mwingine, yakawa yale yale. Nikabadilisha waya, nikavua mkanda wenye chuma, nikachomoa hata vibanio vya nywele, nikafanana na mtu aliyekimbizwa na nyuki. Fundi wa mashine akaapa kwamba mashine yake haina kosa. Nikamwambia mwamba ngoma huvutia kwake. Mkuu wetu akaniuliza kwa upole, ule upole unaotisha, kama kazi hii bado naiweza. Nililia chooni, Mbishi. Sikujua nakosea wapi.

Juzi fundi alipandwa na hasira, akazitoa tando zangu kwenye lile sanduku na kuzijaribu kifuani mwake, moja baada ya nyingine. Mstari ukatulia, safi kabisa. Akaanza kucheka kwamba ameshinda, kisha akanitazama, akaacha kucheka. Akaniambia nikae chini.

Daktari amethibitisha. Moyo wangu unaruka mapigo, na dawa ipo kwa anayewahi. Akaniuliza kama kwetu kuna aliyekuwa na shida hiyo, maana huweza kufuata damu. Nikamjibu hapana. Nilikuwa namwona Baba waziwazi, alivyoanguka kwenye ngazi amebeba kiti, nasi tukasema ni uchovu. Nilimwona, na bado nikasema hapana, kwa sababu neno ndiyo lingekugusa na wewe, nikadhani nisipolitamka utabaki salama. Akili gani hiyo? Hata sasa sijielewi.

Kesho narudi kwake nikaseme ndiyo. Huenda kizunguzungu chako ni njaa kweli. Sijui, na nimechoka kutojua. Njoo. Nimekupikia utando mpya, nimeujaribu kwa fundi, unasema kweli. Usije kubishana nao. Mimi nimeshabishana nao kwa niaba yetu sote wawili.

Mbusu mwanao. Wifi mwambie akufungashie nguo hata ukikataa, nami nitakupokea mlangoni.

Dada yako akupendaye,
Chiriku