Mchezo Nilioukatiza Kagongwa

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na kahawa ya bondeni, imeanza kuiva? Mimi huku Kagongwa ni mzima. Vumbi nimelizoea, michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kwa maziwa ya mgando nimeizoea, na wanachuo wananicheka kidogo tu nikiwaitikia salamu yao ya asubuhi, "Mwangaluka", kwa lafudhi ya Kimatengo.

Nina habari inayoniaibisha, lakini nitakueleza. Wanachuo wangu wa kompyuta walitengeneza programu zinazocheza sataranji zenyewe kwa zenyewe, mtu hagusi kitu. Tukaandaa mashindano, mshindi angepeleka kazi yake kwenye maonyesho Mwanza. Fainali ikawa kati ya programu ya Masanja na ya Milembe, binti wa Maganzo. Mjomba wake alishampa neno: akikosa cha kuonyesha, arudi nyumbani kuchekecha mchanga wa almasi.

Mchezo ukarefuka. Saa kumi jioni wanakwaya wakafika mlangoni, wanataka ukumbi wao wa mazoezi tuliouazima. Nikatazama: Masanja ana kete mbili zaidi, na programu yake imeshajipa ushindi kwenye skrini. Nikaukatiza, nikamtangaza mshindi.

Milembe hakulia. Aliniuliza tu, "Mwalimu, nani kakwambia umeisha?"

Swali lile lilininyima raha. Asubuhi yake nikawaita wote wawili, tukaurejesha mchezo palepale nilipoukata. Mfalme wa Milembe akajibanza kwenye kona. Programu ya Masanja ikazunguka, ikazunguka, isipate njia ya kumtoa. Hatua hamsini, hakuna kete iliyoliwa wala askari aliyesogea. Kwa sheria, sare.

Nikasimama mbele ya darasa nikasema, "Nilikosea."

Masanja akasema, "Mwalimu, hata mimi nilijua hii yangu inajisifu."

Tulicheka wote, na Milembe akacheka kuliko sisi. Tukakubaliana: mchezo haukatwi mpaka programu zote mbili zikiri mshindi yuleyule, hatua kadhaa mfululizo. Kete zikibaki chache, tunauacha ufike mwisho wake, hata kwaya ikiimbia nje. Mkuu wa chuo akaruhusu waende wote wawili. Mjomba mtu alikuja kuwasindikiza stendi, kaikumbatia kompyuta, hataki kondakta aiguse.

Msalimie mama, shangazi msuka mikeka, na wifi yangu aliyejifungua. Mwambie kitenge cha mtoto kinakuja.

Nawe uliyepuliza filimbi miaka yote ile kwenye mechi za kata, niambie ukweli: uliwahi kurudi uwanjani kesho yake?

Ni mimi bintiyo,
Otilia