Kitako cha Swala

Mama Mwende, mke wa mzee asiyejua kulenga,

Hamjambo huko? Mimi niko huku mjini, mtaa wa Jericho, kwa Mutua wetu, nakula chapati za mkewe hadi mshipi umenishinda.

Unakumbuka ile bunduki yangu ya kuwindia, ya kuvuta komeo kila risasi, iliponipiga teke, nikaanguka na kuvunja kitako chake kwa changu? Kile kipande nilikiacha kwa fundi wa vinyago mtaa wa pili, Ziwani, pamoja na karatasi niliyoandika mwenyewe: “Nataka kitako cha swala.” Nilimaanisha cha kuwindia swala, ile nyama niliyowaahidi wakwe zetu.

Leo nimeenda kukichukua. Mti mzuri, unang'aa, na mwisho wake amechonga makalio ya swala, mkia juu!

“Mzee, si ndivyo uliandika?” akaniuliza. Wenzake walicheka hadi wakaweka chini tezo zao za kuchongea.

Nimekichukua hivyo hivyo. Miaka yote swala wananikimbia, na hiyo ndiyo sehemu yao pekee ninayoijua vizuri.

Wakwe wachinjieni mbuzi badala ya swala. Lakini mchinje kabla sijafika, mpenzi, nisije nikajaribu kumlenga.

Wako wa kukosea,
Baba Mwende